Bandari ya Kampala Iko Mombasa

Muulize mwenye duka wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kwa nini katoni ya vigae inauzwa Kampala kwa bei ya juu kuliko Mombasa, atakujibu kwa neno moja: mbali. Jibu hilo lina ukweli wake. Kutoka Kilindini, bandari ya Mombasa, hadi Kampala ni kilomita 1,170 hivi, na lori halitembei kwa dua. Lakini umbali haubadiliki. Miaka kumi na mitano iliyopita Mombasa ilikuwa palepale ilipo leo, milima ya Mau haijahama, na bado safari iliyokuwa ikila zaidi ya wiki mbili siku hizi inaweza kumalizika kwa siku nne. Anayetaka kuielewa bei ya vitu Uganda asianze na ramani. Atazame mzigo unasimama wapi, nani ameusimamisha, na nani analipa muda wote huo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Sisi wa Uganda tumezoea kujiita nchi isiyo na bahari, na tunalisema hilo kwa sauti ya mtu anayeomba. Ukitazama hesabu za bandari yenyewe, mambo yako tofauti. Mwaka 2024 Mombasa ilihudumia tani zaidi ya milioni 41 za mizigo, na kwa mara ya kwanza ikavuka kontena milioni 2, kwa kipimo cha kontena la futi 20. Karibu theluthi moja ya mizigo hiyo ilikuwa ya transiti, yaani inapita Kenya kwenda nchi nyingine: Uganda, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Burundi. Katika fungu hilo la transiti Uganda peke yake huchukua karibu theluthi mbili. Kwa maneno mengine, takriban tani moja katika kila tano zinazopita Kilindini ni ya Uganda. Mteja wa namna hiyo si wa kuomba, ni wa kubembelezwa.

Watu wa Mombasa wanalijua hilo kuliko sisi. Toka bandarini ukipita Changamwe, Miritini, Jomvu hadi Mariakani, utaona yadi za kontena, gereji, mafundi wa matairi, maegesho ya malori, ofisi za mawakala wa forodha, gesti na vibanda vya chakula. Sehemu kubwa ya maisha hayo inategemea mizigo inayokwenda mbali na pwani. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipoagiza kontena zipandishwe reli ya kisasa zikakaguliwe na kutolewa Nairobi, wakazi wa Mombasa waliingia barabarani kuandamana, wakiona kazi zao zinapanda treni na kuondoka. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa Uganda nao walilalamika walipotakiwa kuchukulia mizigo yao Naivasha, maana maghala, mawakala na mikataba yao ya usafiri ilikuwa pwani. Septemba 2022 William Ruto, siku ileile aliyoapishwa, alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Yalikuwa mambo ya ndani ya Kenya, lakini maamuzi yote hayo yaligusa bei ya soda Masaka.

Sasa tufuate kontena moja.

Lina urefu wa futi 40, limejaa vitenge na viatu vya raba, limepakiwa kusini mwa China. Kabla meli haijatia nanga, wakala wa meli ameshatuma orodha ya shehena kwa forodha. Mwenye mzigo yuko Kampala na hati yake ya shehena mkononi. Wakala wake wa forodha, ambaye huenda ana ofisi Nakawa, anaingiza tamko la mzigo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Kodi inakadiriwa na kulipwa benki Kampala wakati kontena lenyewe bado liko pwani. URA ina maofisa wake palepale Mombasa. Wakishathibitisha kwamba kodi imeingia, wanawajulisha wenzao wa Kenya, na mzigo unaruhusiwa kutoka. Zimebaki bili mbili. Ya kwanza ni ya kampuni ya meli, ambayo haitoi hati ya kukabidhi mzigo hadi ilipwe haki zake. Ya pili ni ya bandari, kwa kazi ya winchi na kwa siku zilizozidi muda wa bure. Mizigo ya transiti hupewa siku nyingi za bure kuliko ya Kenya, lakini siku zikiisha hesabu inakwenda kwa dola.

Utaratibu huu unaitwa Eneo Moja la Forodha na ulianza kufanya kazi mwaka 2014. Mabadiliko yake ni makubwa kuliko jina lake. Zamani mzigo ulitoka Mombasa bila kulipiwa kodi ya Uganda, ukasafiri chini ya dhamana, na kazi yote ya kutamka, kukagua na kulipa ikangojewa mpakani Malaba. Kila lori lilifika na furushi la karatasi, na pesa ya dhamana ilibaki imefungwa hadi uthibitisho urudi kwamba mzigo kweli umevuka. Lori likikaa siku tano kwenye foleni, mwenye lori anapoteza tripu nzima, na hasara hiyo haimezi yeye. Takwimu zinazotajwa sana ni kwamba safari ya Mombasa–Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi nne hivi. Barabara haikupunguzwa hata kilomita moja. Kilichohamishwa ni meza ya kulipia.

Siyo kila mzigo hulipiwa mapema, hata hivyo. Asiye na fedha taslimu anaweza kuuleta kwenye bohari ya forodha Kampala na kulipa kidogokidogo anapoutoa. Mzigo huo unasafiri chini ya dhamana, ukiwa umefungwa kwa lakiri ya kielektroniki inayoonyesha lori liko wapi na kama mlango umeguswa. Magari yaliyotumika kutoka Japani ndiyo mfano tunaoujua sote, ndiyo maana yadi za magari za Nakawa na Banda tunaziita bondi. Na kuna sababu ya forodha ya Kenya kuyafuata magari hayo kwa jicho kali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Uganda inaruhusu hadi miaka 15. Gari la miaka 12 linalopita Voi ni halali kwa Kampala na haramu kwa Nairobi. Vivyo hivyo kwa sukari, mchele na mafuta: mzigo ulioandikwa transiti haukulipiwa kodi ya Kenya, kwa hiyo ukishushwa njiani usiku unauzwa kwa faida nono. Ukikereka na kituo cha ukaguzi, kumbuka kwamba nyuma yake kuna mjanja aliyewahi kuuza kontena zima Nakuru huku karatasi zikisema limefika Uganda. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia lakiri hizo, na vituo vya kusimamisha malori ovyo vimepungua.

Barabarani nako kuna mizani: Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye. Ukivuka mpaka unakutana na nyingine Busitema. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na uzito wa kila ekseli una kipimo chake. Hapa dereva anaweza kupata mkosi hata kama uzito wote ni halali, kwa sababu vigae vilivyosukumwa mbele ndani ya kontena vinaionea ekseli moja. Kontena lina lakiri, halifunguliwi kupanga mzigo upya barabarani. Kitu hicho kidogo, namna vijana wa ghala la ng'ambo walivyopanga katoni, kinaweza kumlaza dereva Mariakani.

Malaba yenyewe siku hizi ni kituo kimoja cha pamoja. Lori linalokuja Uganda halisimami upande wa Kenya kisha likasimama tena upande wetu. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, upande unaoingia. Dereva anashuka na faili lake la plastiki, anapitia dirisha la uhamiaji, anapitia la forodha. Nje ofisa anainama kwenye mlango wa kontena, analinganisha namba ya lakiri na iliyo kwenye kifaa chake, anavuta kidogo kuhakikisha haijachezewa, anapiga picha. Siku njema kazi hiyo haichukui muda mrefu kuliko kikombe cha chai. Siku mbaya mtandao umelala, na foleni inarudi nyuma ndani ya Kenya. Aprili 2020, madereva walipoanza kupimwa korona mmoja mmoja, foleni ilifika makumi ya kilomita. Miezi kumi na mbili baadaye tulidhani tumejifunza. Januari 2022 vipimo vikarudishwa, madereva wakagoma, na Kampala ikabaki bila petroli ya kutosha, mahali pengine lita ikauzwa zaidi ya shilingi 10,000.

Hadi hapa tumesema habari za muda. Tuje kwenye kodi, kwa sababu ndipo gharama za njiani zinapozaana, na watu wengi hawalioni hilo.

Ushuru wa forodha haukatwi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Unakatwa kwenye jumla ya bei ya bidhaa, bima na usafiri wa baharini. Tuchukue mfano wa kubuni: bidhaa, bima na meli vimefika dola 20,000, na bidhaa iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni dola 5,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haihesabiwi kwenye 20,000 bali kwenye 25,000, yaani baada ya ushuru kuongezwa. Hiyo ni dola 4,500. Weka kodi ya zuio ya asilimia 6, dola 1,200, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5, dola 300. Jumla dola 11,000, sawa na asilimia 55 ya thamani. Ni kweli mfanyabiashara aliyesajiliwa hurudishiwa au hukata baadhi ya hizo baadaye kwenye hesabu zake, lakini siku ya kutoa mzigo anazitoa mfukoni, na wengi wa Kikuubo wanazikopa.

Sasa nauli ya meli ipande kwa dola 4,000, jambo ambalo si la ajabu. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Meli za kutoka China kuja Mombasa hazipiti huko, lakini meli na kontena zilipokawia safari ndefu za Ulaya, zikaadimika kila mahali na nauli zikapanda dunia nzima. Kwa mfanyabiashara wetu, dola 4,000 za nauli zinazaa dola 2,200 za kodi juu yake. Hakuna aliyepandisha kiwango cha kodi Bungeni, hakuna waziri aliyesoma chochote, na bado kodi imepanda. Mnunuzi Mbarara ataambiwa ni dola imepanda.

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kinachotugharimu zaidi kuliko tunavyokiri, sitasema Malaba wala kodi. Nitasema ni kontena linalorudi tupu.

Kontena ni mali ya kampuni ya meli. Ukilipeleka bara, kampuni inataka amana na inakupa siku kadhaa za kulirudisha. Zikipita, unalipa faini ya kila siku kwa dola. Basi kontena likishashushwa mzigo Kampala, linakimbizwa kurudi pwani, mara nyingi halina kitu ndani. Mwenye lori anajua atarudi bila mzigo, kwa hiyo nauli ya kuja anaipiga akiwa ameshajumlisha dizeli ya kurudi. Unapolipia vigae kufika Kampala, unalipia pia hewa inayorudi Mombasa. Ili kukwepa, wapo wanaolipakua kontena palepale pwani, wakapakia mzigo ovyo kwenye lori la kawaida na kulirejesha kontena mapema; wanaokoa faini, wanapoteza kwa vilivyovunjika na vilivyochomolewa.

Kwa nini lirudi tupu ilhali tuna kahawa? Kwa sababu kahawa, pamoja na sifa zake zote, haitoshi. Mwaka wa fedha 2023/24 Uganda iliuza nje magunia milioni 6.13 ya kilo 60, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1. Ukigeuza kuwa uzito ni tani 368,000 hivi. Kontena la futi 20 hubeba magunia yapatayo 320, kwa hiyo kahawa yote ya mwaka mzima inajaza kontena 19,000 na ushei. Linganisha na mizigo ya Uganda inayopita Mombasa, ambayo kwa hesabu ya mwanzoni ni tani milioni nane na zaidi, nyingi mno zikiwa zinaingia. Tena kahawa inachagua. Hushika harufu, haiwezi kuwekwa kwenye kontena lililotoka na rangi au mbolea. Na kwa kuwa ni nzito, inapendelea kontena la futi 20, wakati vitenge na viatu vinakuja kwenye la futi 40. Lililoko Nakawa kwenye vitenge silo linalotakiwa Bugolobi kwenye kahawa.

Haikuwa hivi siku zote. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, na ilipofika Kisumu Desemba 1901 mji huo ulihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka uliofuata. Mizigo ilivuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell, na reli yenyewe haikufika Kampala hadi 1931. Treni hizo zilishuka na pamba, baadaye kahawa kwa wingi. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme ulivuta viwanda: nguo, chuma, na tanuru la kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, Kasese. Shaba ni mzigo mzuri kwa mwenye reli: mzito, wa thamani, na unakwenda upande ambao behewa lilikuwa liende tupu. Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda na mashine za kuchambulia pamba vikakosa wenyewe, pamba ikaanguka, shaba ikafa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika la pamoja la reli likagawanywa kama urithi wa wagombanao. Tunapozungumza kufa kwa reli tunataja vichwa vibovu na mataruma yaliyooza. Sawa, lakini mzigo wa kurudi ndio uliotangulia kufa.

Leo viwanda vipo tena, Namanve, Jinja, Mukono, Tororo, na vinafanya kazi. Ila vingi vinaitegemea Kilindini kuliko vile vya zamani. Saruji inahitaji klinka, ile malighafi iliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, na sehemu yake inatoka nje. Mabati yanatokana na koili za chuma zilizoagizwa, mabeseni ya plastiki yanatokana na chembechembe za plastiki zilizoagizwa, na mkate wa Kampala ni ngano iliyoteremshwa Mombasa. Bidhaa zenyewe zikishakamilika hazirudi baharini. Zinakwenda Juba kupitia Elegu, zinakwenda Beni na Butembo, Kongo, kupitia Mpondwe. Kwa Uganda hilo ni jambo la heri, kwa kontena la Mombasa halisaidii kitu.

Na hapo ndipo Kampala inapogeuka kuwa bandari yenyewe. Ingia Kikuubo, kile kichochoro kilichobanwa karibu na stendi kuu za mabasi, asubuhi ya siku ya kazi. Wachukuzi wanapita na marobota mgongoni wakipiga kelele upishe, dukani mtu mmoja anahesabu noti na mwingine anaandika namba za magunia kwa wino wa mhuri. Sikiliza wanunuzi: huyu ni wa Bunia, yule ni wa Yei, wale wawili ni wa Goma. Wanapatana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na bei inafika. Baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, Kikuubo walikuwa wameshafaulu mtihani huo zamani. Mfanyabiashara wa Bunia hana haja ya kwenda Mombasa wala Guangzhou. Ameokolewa dhamana, amana ya kontena na lugha ya forodha; analipia huduma hiyo ndani ya bei. Bidhaa zilezile zilizotupandishia gharama tunaziuza mbele na faida yetu juu. Kwa hiyo foleni ya Malaba inapokuwa ndefu, wa kwanza kunung'unika anaweza kuwa mama wa Beni.

Mafuta ni hadithi nyingine, fupi lakini kali. Petroli na dizeli hushushwa Kipevu, gati la mafuta la Mombasa, zinasukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, na kutoka huko malori ya tangi yanaleta Kampala. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipoziba barabara na reli ikang'olewa Kibera, Kampala iliishiwa mafuta ingawa hapa hakuna aliyerusha jiwe. Mwaka 2023 Kenya iliingia mpango wa serikali kwa serikali wa kununua mafuta kwa mkopo kutoka Ghuba, na kampuni za Uganda zikajikuta zinanunua kupitia mikono ya watu. Serikali yetu ikagomba, ikafika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, na tangu Julai 2024 shirika la taifa la mafuta, UNOC, ndilo linaloagiza kwa niaba ya nchi, likiletewa na Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta. Mafuta bado yanapita bomba lilelile la Kenya. Kilichobadilika ni nani anayeandika ankara.

Njia ya pili ipo, na wengi wetu hatuitazami ingawa tunaiona kila siku tukiwa Luzira au Ggaba: ziwa. Mzigo unaweza kutoka Dar es Salaam kwa reli hadi Mwanza, behewa likapandishwa mzimamzima kwenye meli na kushushwa Port Bell, kisha likavutwa kilomita chache hadi mjini. Uganda ilikuwa na meli tatu za kubeba mabehewa: Kabalega, Kaawa na Pamba. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani usiku. Kabalega ikazama, na huduma ikadorora kwa miaka mingi. Hakuna barabara ya lami iliyofungwa kwa muda kama huo baada ya ajali moja. Meli ya Tanzania, MV Umoja, imerudi kazini, ya Kenya, MV Uhuru, imeleta mafuta kutoka Kisumu, na karibu na Entebbe, Bugiri-Bukasa, kampuni binafsi imejenga gati na matangi ya kupokea mafuta kwa meli. Meli moja ya namna hiyo inabeba lita milioni kadhaa kwa safari moja. Lori la tangi ni elfu thelathini na kitu. Bandari mpya ya serikali, ya Bukasa, nayo imezungumzwa miaka na miaka.

Nalaumu hapa bila kusita. Barabara ina wenyewe: wenye malori, wenye vituo vya mafuta, wakandarasi, na wabunge wa maeneo inakopita. Ziwa halina mbunge.

Lakini njia ya Dar ina thamani hata kwa asiyeitumia. Kwa barabara ni ndefu kuliko ya Mombasa kwa mamia ya kilomita, kwa hiyo kwa bei tupu mara nyingi inashindwa. Nguvu yake ni kwamba ipo. Tanzania ilipokodisha sehemu ya bandari ya Dar kwa kampuni ya Dubai, DP World, Oktoba 2023, kisha treni yake mpya ya umeme ikafika Dodoma mwaka 2024, walioshtuka zaidi walikuwa Mombasa. Siku za bure kwa mizigo yetu, ardhi tuliyopewa Naivasha, ofisi ya mamlaka ya bandari ya Kenya iliyofunguliwa Kampala, vyote hivyo vinaeleweka zaidi ukijua kwamba mteja mkubwa ana mlango mwingine. Amin alipodai sehemu za Kenya Februari 1976, mizigo yetu ikakwama pwani na hatukuwa na pa kukimbilia. Hata bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 lilipopangwa kupita Tanzania hadi Chongoleani, Tanga, Nairobi ilipata ujumbe. Ujumbe tu, maana mafuta ghafi kwenye bomba hayajazi kontena linalorudi.

Imebaki reli ya kisasa. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7 hivi, baada ya miaka ya kungojea mkopo wa China usiofika. Watu wanauliza itakamilika lini. Swali langu ni la Naivasha. Reli ya Kenya iliishia hapo mwaka 2019, na kati ya Naivasha na Malaba kuna reli ya zamani ya geji ya mita, nyembamba kuliko ile mpya. Kenya isipoleta yake hadi mpakani, kontena litashushwa Naivasha kutoka behewa jipya hadi behewa kuukuu, litashushwa tena Malaba kutoka behewa kuukuu hadi jipya, na kila mnyanyuko wa winchi una bili yake. Na treni, kinyume na lori, haiwezi kuvizia magunia kumi ya maharage njiani ili isirudi bure. Inataka mzigo wa mamia ya tani, siku ile, saa ile, unaoelekea Mombasa. Wanaopanga ratiba ya treni hiyo itabidi wakae meza moja na wakulima wa kahawa, wenye sukari wa Kakira na wenye viwanda wa Namanve kabla hata mataruma hayajalazwa, na kwenye vikao vya reli nilivyofuatilia magazetini sijaona viti vyao.